Daktari wa pili alimshika mkono

Bahasha ya eksirei haikunjiki. Niligundua hilo saa kumi na moja alfajiri kwenye gati ya Lamu, mwaka juzi, nikiwa na mtoto mgongoni, mkoba begani, na bahasha ya kaki pana kama sinia ambayo nilikuwa nimeinyanyua juu ya kichwa ili isirukiwe na maji. Nahodha wa boti ya Mokowe akaniambia, "Dada, iweke chini hiyo, itakuangusha." Nikamwambia humu ndani mna miguu ya mwanangu. Akanitazama, akavua koti lake la mvua akanipa niifunikie.

Binti yangu nyumbani tunamwita Kibibi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake la cheti ni lake, akikua atalitangaza mwenyewe akitaka.

Kibibi alichelewa kutembea. Nduguze wawili walisimama kabla ya mwaka, yeye alifika miezi kumi na minane ndipo akaachia ukuta. Na alipoachia, tukaona matege. Sikushtuka mwanzoni. Watoto wote huzaliwa na miguu iliyopinda kwa kujikunja tumboni, na kwa kawaida wakikaribia miaka miwili inanyooka yenyewe. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa hivyo, leo anakimbia kwa miguu kama mishale. Lakini Kibibi alitimiza miaka miwili, ikapita Idi moja, ikapita nyingine, na magoti yanazidi kuachana. Kaka yake akawa anapitisha mpira katikati yake na kushangilia goli.

Bavyaa, baba yake mume wangu, ni fundi wa majahazi kule Matondoni. Mataruma, mbavu za chombo, hutafutwa kwenye mti uliojipinda wenyewe, hukuti fundi anaukunja kwa nguvu. Basi siku moja amempakata mjukuu, anaipima ile miguu kwa jicho la kazi, akasema, "Hii ningeikuta msituni ningeilipia." Tulicheka wote isipokuwa mavyaa. Yeye alikuwa na dawa yake na alikuwa ameshaitaja mara kumi: mwana achimbiwe shimo, atiwe mtangani, yaani mchangani, mpaka kiunoni kila asubuhi, miguu itashika. Mimi ni mtu wa duka la fotokopi na M-Pesa, nimesoma mpaka fomu four, nikajiona najua zaidi. Nikasema mtanga hapana, twende hospitali.

Daktari wa kwanza alikuwa kwenye hospitali moja ya kulipia, safari ya basi kutoka hapa. Jina lake na la hospitali nayaacha. Tulingoja saa tatu, tukakaa naye kama dakika tisa. Aliandika karatasi ya eksirei ya magoti, tukaenda, Kibibi akalazwa juu ya meza akipiga ukelele, tukarudi na picha. Daktari akaiinua kuelekea dirishani. Akasema ni ugonjwa wa Blount. Akanichorea nyuma ya karatasi ya dawa: mfupa wa muundi unakatwa hapa chini ya goti, unanyooshwa, unatiwa nyaya, halafu plasta wiki sita, na mguu wa pili vilevile. Tusichelewe. Gharama, akaiandika chini ya mchoro, shilingi 280,000.

Nikamuuliza mbona nduguze hawana. Akasema, "Hutokea."

Sikumjibu neno. Nilimwambia nitazungumza na babake mtoto, nikatoka.

Mume wangu ni mvuvi, na ana njia yake ya kupokea habari mbaya, huwa anazifanyia hesabu. Kabla ya isha alikuwa ameshaongea na mtu wa kununua mashine ya boti. Nikamwambia ngoja kwanza. Akasema, "Daktari amesoma. Sisi tumesomea nini hata tungoje?" Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwetu hapa, kumpita daktari na kwenda kumuuliza mwingine kuna haya ndani yake. Ni kama fundi amekujengea ukuta, hajaondoka, nawe unamleta fundi mwingine aje atie timazi. Tena timazi lenyewe huna, unaliazima.

Lakini usiku silali. Jambo moja lilikuwa linanirudia, nalo halikuwa la kitaalamu hata kidogo. Yule daktari hakumgusa mtoto. Aliigusa picha, aligusa kalamu, aligusa simu mara mbili. Sasa nikajiuliza, mimi nikienda kununua samaki sokoni humgeuza nikamtazama mashavu, na huyu anataka kukata mfupa wa mwanangu bila kuubonyeza?

Aliyenisukuma ni nesi wa kliniki ya watoto ambaye amewapima uzito wanangu wote watatu. Nilikwenda kwa chanjo, nikamweleza kwa sauti ya chini kama mtu anayesengenya. Akanishika bega akanigeuzia ukutani. "Mama Kibibi, hebu soma pale." Ulikuwa mkataba wa haki za wagonjwa wa Kenya, wa mwaka 2013, na miongoni mwa haki hizo imo ya mgonjwa kutafuta maoni ya daktari mwingine akitaka. Nimepita mbele ya karatasi ile tangu mimba ya kwanza. Nilikuwa nadhani ni tangazo la malaria.

Kazi ikawa kuipata picha. Nilipiga simu ile hospitali, dada wa mapokezi akasema eksirei hubaki kwao. Nikasema nimeilipia. Akasema ndiyo sheria. Ikabidi kaka yangu anayeishi huko aende mwenyewe, akae kwenye kiti mpaka saa saba, asigombane na mtu, akae tu. Walimpa. Ikaja kwa basi, mikononi mwa utingo, kwa shilingi 200. Kama kuna mzazi anayesoma haya na yuko njiani kwenda kwa daktari yeyote wa mifupa: chukua picha yenyewe siku ile ile, usitosheke na karatasi ya maelezo. Karatasi ni maneno ya mtu mmoja aliyeitazama, na daktari wa pili atataka kuitazama kwa macho yake.

Safari ya Mombasa siisimulii sana, mwenye kuijua anaijua. Boti mpaka Mokowe, basi, askari, kushuka, kitambulisho, kupanda, Witu, Garsen, Malindi kwa chai, Kilifi, na Kibibi kanitapikia mara mbili. Tulilala Majengo kwa mama mdogo. Yeye ndiye aliyenipa ushauri mbaya kuliko yote: nisimwambie daktari wa pili kwamba nimeshaona mwingine, nione kama watasema kitu kimoja. Nikauona ni ujanja mzuri.

Kliniki ya mifupa ya watoto ilikuwa Jumanne, hospitali ya serikali, nambari yetu 41. Daktari alikuwa mwanamke, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Nikaanza kumzunguka kwa maneno. Akaiona bahasha chini ya kiti changu.

"Hiyo imetoka wapi?"

Basi ujanja ukaishia hapo. Nikamweleza yote, na Blount, na mchoro, na ile 280,000, nikiwa naona haya kama nimeiba. Wala hakukunja uso. Akasema, "Umefanya vizuri kuja nayo. Lakini niache kwanza nimwone mtoto." Akaichukua bahasha akaiweka juu ya kabati bila kuifungua.

Alimvua Kibibi viatu. Akaniambia nikae upande wa pili wa ukumbi nimwite. "Ndoo, mwanangu," na Kibibi akaja, anayumba kulia na kushoto kama mashua isiyo na shehena, na daktari amechutama kwa nyuma yake anatazama. Mara mbili. Kisha akamlaza, akakutanisha vifundo vya miguu, akatia vidole vyake kati ya magoti: vinne na nafasi ikabaki. Akachukua rula akaandika.

Halafu akaiacha miguu. Nilifikiri amemaliza. Akamshika mkono.

Alikishika kifundo cha mkono wa kushoto kwa kidole gumba na cha shahada, akakiviringisha polepole, kama mtu anayetafuta fundo kwenye kamba gizani. Akaenda wa kulia. Akaniuliza, "Hii bangili ilikuwa inamtosha?"

Nilishangaa ameijuaje. Bangili ile ya fedha nilimnunulia Idi, ikawa inambana kifundoni ilhali mkono wenyewe juu yake ni mwembamba. Nikampelekea sonara wa Usita wa Mui akaipanua. Tulicheka pale, nikasema mtoto wa watu amenona. Daktari akakiweka kidole changu mahali pake. Chini ya ngozi mfupa ulikuwa umetanuka, mpana, kama una ukingo. Haukuwa unono.

Akamfungua kifua akapitisha vidole mbavuni, pale mbavu zinapokaribia katikati. Akanivuta mkono tena. Vijipu vidogo vigumu, kimoja baada ya kingine, vimepangana kwenye mstari. "Madaktari wa zamani walizifananisha na tasbihi," akasema. Mtoto huyu nimemwogesha kila siku ya uhai wake. Nimempaka mafuta kifuani pale pale.

Ndipo maswali yakaanza, na hayakuwa ya miguu. Meno yalitoka lini? Alichelewa. Utosi ulifunga lini? Sikumbuki, lakini ulichelewa. Ananyonya? Ameacha juzi juzi. Anakunywa nini? Chai. Ya maziwa? Strungi, na mahamri, maziwa anayatema. Samaki? Mwingi, babake ni mvuvi. Na miiba? Namtolea yote, Daktari, nimtie miiba mtoto?

"Na jua?"

Hapo nilicheka. Nikamwambia sisi ni watu wa Amu, jua ndilo tulilo nalo.

"Sikuulizi la Lamu. Nakuuliza la mtoto. Asubuhi anacheza wapi?"

Nikaanza kumjibu, na kadiri ninavyojibu ndivyo ninavyosikia mwenyewe. Tumepanga chini, nyumba ya mawe ya zamani huko Mkomani, kuta pana kama mkono kutoka bega hadi kiwiko. Nje ni kichochoro cha kupishana watu wawili na punda akija mnajibana ukutani. Jua hupita pale saa sita dakika chache likaondoka. Ndani tulikuwa na kiwanda, ua wa katikati wenye mwanga, lakini mwenye nyumba alikiezeka mabati mwaka ule ule Kibibi alipozaliwa kwa sababu mvua ilikuwa inamharibia chokaa. Dukani nikienda naye hukaa chini ya meza ya mashine. Nikitoka naye nje namfunika, asiungue. Wakubwa walilelewa kwa mama yangu Mpeketoni, uwanjani, uchi, na mbuzi. Huyu ndiye wa mjini.

Daktari alikuwa ameacha kuandika.

Alitutuma picha mbili: miguu yote miwili mtoto akiwa amesimama, magoti yakitazama mbele, na kifundo cha mkono. Na damu ipimwe kalsiamu, fosfeti na kimoja kingine chenye jina refu ambacho hupanda mfupa ukiwa taabani. Zilipokuja picha ndipo akaichukua ile bahasha juu ya kabati, akazitundika zote tatu kwenye kisanduku cha taa.

Sijui nielezeje, lakini nitajaribu. Kila mfupa wa mtoto una mahali pa kurefukia karibu na ncha, na pale ukingo wa mfupa unatakiwa uwe mstari safi. Wa Kibibi ulikuwa umebonyea kama kisahani, na umechakaa mwishoni kama ukili uliofumuka kabla haujashonwa mkeka. Kwenye goti ulikuwa hivyo. Kwenye mkono, hivyo hivyo. "Blount hukaa kwenye goti, upande wa ndani wa mfupa wa muundi," akasema. "Hauendi mkononi. Huu uko kila mahali mfupa unapokua." Ni riketsi. Mfupa haukupata vitamini D na kalsiamu ya kutosha, ukawa laini, mtoto akasimama juu yake, ukapinda.

Hapa nisimame kidogo. Kiswahili chetu kina neno moja tu, matege, kwa mguu uliopinda na kwa ugonjwa huu wenyewe. Kamusi zinayachanganya na sisi tunayachanganya. Miezi yote ile nilikuwa naambia watu mwanangu ana matege, nao wakiitikia, na kila mtu anafikiri tumeshajua ana nini.

Nikamuuliza, na tungemkata? Akasema mfupa ungeunga kwa shida, na huenda ungepinda tena kwa kuwa ulaini uko pale pale. Tena hata ingekuwa Blount kweli, kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu wengi huanza kwa vyuma vya miguu kabla ya kisu. Kisha akasema jambo ambalo sijakubaliana nalo mpaka leo: nisimlaumu mwenzake, kwa umri huu magonjwa haya hufanana, na picha ya goti peke yake, mtoto akiwa amelala, inaweza kumdanganya mtu. Sawa. Kukosea simlaumu. Kutogusa namlaumu.

Nilikuwa nimeshainuka nikamfunge Kibibi kanga, akaniuliza, "Na wewe mama, mifupa haikuumi?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Nyonga na kiuno vilikuwa vinaniuma tangu mimba ile, ngazi za nyumba ya mama mkwe nilikuwa nazipanda kwa kushika ukuta, nikasema ni uzazi, ni kusimama dukani. Akanieleza kwamba maziwa ya mama yana mengi lakini vitamini D ni kidogo, na mama asiyelipata jua huwa nayo kidogo zaidi. Nilimnyonyesha zaidi ya miaka miwili, nikijisifu. Nililia pale, si kwa huzuni hasa, sijui kwa nini. Daktari akanipa karatasi ya kufutia miwani. Akaniandikia na mimi.

Dawa zenyewe ni aibu kuzitaja baada ya hesabu ya mashine ya boti: matone ya vitamini D kila siku kwa miezi mitatu, kalsiamu miligramu 500 kwa siku, na jua, mikono na miguu wazi, si kupitia kioo wala nguo. Ngozi yetu nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Maziwa kama atayakubali, la sivyo mtindi, na dagaa waliosagwa na miiba yao. Mume wangu, aliyekuwa akileta kolekole na changu, alianza kurudi na dagaa akiona haya kwa wenziwe.

Sisemi kisu ni kibaya. Jirani yetu alimpeleka wake kwa daktari wa pili, naye akasema kama wa kwanza, mtoto akapasuliwa na sasa yuko skuli. Walilala vizuri usiku wa kuamkia, basi.

Miezi mitatu baadaye picha ilionyesha ule ukingo umeanza kujaa, mstari mweupe pale palipokuwa na nyuzi. Miguu ni ya polepole zaidi. Baada ya mwaka vidole vinne vimekuwa viwili, na daktari anasema tumpe muda mfupa ujirekebishe kabla ya kuzungumzia kitu kingine. Mimi ngazi napanda.

Ila suala la jua lilikuwa gumu. Mwenye nyumba hakukubali kutoa mabati. Duka halifungwi asubuhi. Kwa hiyo Kibibi hupelekwa Matondoni kwa punda, saa mbili na nusu, anarudi adhuhuri. Sikuuliza wanafanya nini huko. Nilikwenda siku moja bila taarifa, nikamkuta mavyaa amekaa kwenye kigogo kando ya jahazi la mzee, na mbele yake Kibibi amezama mchangani mpaka kiunoni, mabega wazi, mikono wazi, anachota mchanga kwa kifuu na kuumwaga kichwani mwa bibi yake. Nikasema, "Mama, daktari alisema na miguu ipate jua." Akasema miguu hupata jua akishatoka, kwanza inashika.

Jumamosi iliyopita bangili ikamtoka mkononi ndani ya shimo lile. Ile ile iliyopanuliwa, sasa inampwaya. Mavyaa akatuma ungo, akauchekecha mchanga wote, ungo baada ya ungo, mpaka adhana ya adhuhuri, akaipata. Akanipigia simu dukani, kuna wateja watatu wanangoja fotokopi, hata salamu hakutoa.

"Nalikwambia," akasema. "Mtanga."